Safari ya Pikipiki Milima ya Usambara: Maandalizi, Adabu na Mafunzo Yake

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka wanafunzi wetu wa darasa la fiqhi wanapofika mlango wa Swala ya msafiri huuliza swali lile lile: mlango huu una kazi gani leo, na mtu anapanda basi Tanga asubuhi, jioni yuko kwa ndugu zake Dar es Salaam anakunywa chai? Mwaka huu tumeona tulijibu swali hilo kwa habari ya safari tuliyoifanya wenyewe. Tulikuwa watu watano, kila mmoja na pikipiki yake. Tulitoka Tanga mjini Jumanne ya tarehe 26 Desemba, 2023, tukaenda hadi Mtae, ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara Magharibi, na tukarudi nyumbani Jumamosi. Usiku wote nne tulilala katika mahema.

Tutaeleza tulivyojiandaa, tulivyoendesha, tulivyolala na tulivyoswali. Tutaeleza pia kosa letu la siku ya pili, ambalo liliacha alama katika mguu wa kijana wetu. Hatupendi kulisimulia. Lakini vijana wengi waliosoma hapa madrasa leo wanaendesha pikipiki, na kwa baadhi yao ndiyo riziki yao, kwa hiyo kulificha kungekuwa ni kuwanyima nasaha.

KWA NINI USAMBARA

Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na sisi watu wa Tanga ni jirani zetu. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipotawala waliuita Wilhelmsthal, lakini kabla yao Washambaa walikuwa na dola yao, na Vugha ndiyo ilikuwa makao ya wafalme wa Kilindi, akiwemo Kimweri ye Nyumbai. Katika misitu ya huko huota ua dogo la zambarau ambalo mwaka 1893 lilipewa jina la Saintpaulia, kwa kumkumbuka Mjerumani aliyepeleka mbegu zake Ulaya. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu vya madirishani duniani kote, na wengi wetu waliozaliwa Tanga hatujapata kuliona katika msitu wake.

Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona na makorongo. Kutoka Lushoto kwenda mbele kupitia Magamba, Lukozi na Sunga hadi Mtae njia ni ya mlima, na mvua ikinyesha udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Pikipiki hupita mahali ambapo gari huhangaika, na mwendeshaji husalimiana na kila anayemkuta njiani. Ndiyo sababu tuliichagua.

KWANZA: WENZA NA AMIRI

Waarabu wana msemo kuwa mtu atafute mwenza kabla ya kutafuta njia. Sisi tulikuwa walimu wawili wa madrasa, fundi wa pikipiki, muuza samaki, na kijana wa miaka 20 aliyehitimu kwetu. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kuwa watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Tulimchagua muuza samaki. Hakuwa msomi kuliko wote, wala pikipiki yake haikuwa mpya kuliko zote. Lakini amepeleka samaki Muheza kwa pikipiki kwa zaidi ya miaka kumi, ana subira, na haoni haya kusema "hapana".

Kazi ya amiri ni kuamua nani aongoze, wapi tusimame, wapi tulale, na kama tuendelee au turudi. Wengine humshauri, na akishaamua mjadala umekwisha. Msafara usio na amiri hubishana barabarani, na ubishi wa barabarani kwa kawaida humalizwa na mwenye pikipiki ya mbio.

Siku mbili kabla ya kuondoka amiri alitaka kuona leseni ya kila mmoja yenye daraja la pikipiki, bima, na kofia ngumu yenye mkanda mzima. Mmoja wetu, tena mwalimu, alikutwa bima yake imekwisha. Aliambiwa mbele ya wenzake kuwa hatoki mpaka akate nyingine, naye akaikata.

Adabu za safari zina jambo jingine ambalo vijana hulisahau: kulipa madeni au kuyaandika, kuacha matumizi nyumbani, na kupata radhi za wazazi. Mama wa kijana wetu alitupa ruhusa kwa sharti moja. Alisema, "Walimu, huyu nilikupeni akiwa mdogo mkamsomesha. Sasa nakupeni tena. Ni amana." Tuliitikia upesi, kama watu wengi wanavyoitikia neno amana.

PILI: PIKIPIKI NA MIZIGO

Pikipiki zetu zilikuwa za cc 125 na 150, za aina ile ile inayotumiwa na bodaboda. Si lazima uwe na pikipiki kubwa. Lazima iwe nzima. Fundi wetu alikagua tairi, cheni, breki za mbele na nyuma, waya wa klachi, plagi na taa, na akabadilisha oili zote. Vitu vya msafara mzima vilikuwa hivi:

Vya kutengenezea: tyubu mbili, viraka na gundi yake, pampu ya mkono, spana, vyuma vya kutolea tairi, plagi ya akiba, waya wa klachi na kiungo cha cheni.

Vya kulalia: mahema matatu, turubai moja kubwa, mikeka, mablanketi na makoti ya mvua.

Vya kupikia na kula: jiko dogo la gesi, sufuria mbili, birika, mchele, unga, dagaa, tende, sukari, majani ya chai, na lita 5 za maji kwa kila mtu.

Vya dharura: tochi, kamba, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, na simu moja ambayo huzimwa na kuwekwa akiba.

Namna ya kufunga mizigo ni elimu. Kizito hukaa chini na karibu na kiti, na pande mbili zilingane. Chepesi, kama hema na blanketi, hukaa juu ya keria. Sababu yake ni kwamba ukiweka uzito mkubwa nyuma kabisa, pikipiki ikipanda mlima gurudumu la mbele hupoteza mkazo wake chini, na usukani huwa mwepesi kwa namna mbaya: unakata kona, pikipiki inakwenda moja kwa moja. Tulifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, kisha baada ya kilomita kumi za mwanzo tukasimama na kukaza upya, kwani mzigo ukitikisika hujipanga na kamba hulegea.

Kuhusu petroli, tuliona pikipiki zetu zikienda kiasi cha kilomita 40 kwa lita moja kwenye lami, na kama 30 tu kwenye mlima na mzigo. Tulijaza matangi Mombo, na tena Lushoto. Hatukubeba petroli kwenye chupa za plastiki, kwani chupa ikivuja karibu na ekzosi yenye moto, msiba hauko mbali.

TATU: MWENDO WA MSAFARA

Kupanda mlima hutumia gia ndogo na mkono mtulivu kwenye mafuta. Kushuka ndiko kugumu zaidi. Wengi hushuka wakiwa wamekandamiza breki mwanzo hadi mwisho. Breki ikishika kwa muda mrefu hupata moto, na ikipata moto sana nguvu yake hupungua, hapo ukiitaka huipati. Njia ni kuingiza gia ya pili au ya kwanza kabla hujaanza kushuka, ukaiacha injini izuie mwendo, na breki uitumie kwa kugusa na kuachia. Usizime injini ili kubana mafuta. Kwenye tope usishike breki ya mbele kwa ghafla, kwani gurudumu la mbele likiteleza huna la kufanya.

Tena, pikipiki haziendi sambamba wala hazigandani. Kati ya moja na nyingine tuliacha nafasi ya kutosha mtu kusimama bila kumgonga wa mbele.

Amiri aliweka kanuni tatu. Ya kwanza, yeye mwenyewe huongoza na fundi hukaa mwisho, kwa kuwa mwenye spana akiwa mbele atawapita wenye shida bila kujua. Ya pili, kila mmoja ana dhamana ya aliye nyuma yake: akiona taa yake haionekani kwenye kioo, hupunguza mwendo, na asipotokea husimama. Ya tatu, kwenye njia panda yoyote hakuna anayepita mpaka wote watano wamefika.

Siku ya kwanza tulizishika kanuni hizi, tukafika Lushoto salama.

NNE: YALIYOTUPATA SIKU YA PILI

Jumatano asubuhi tuliondoka Lushoto kwenye saa 3. Mvua za vuli mwaka ule zilizidi kwa sababu ya El Nino, na ingawa siku za karibuni kulikuwa na jua, mawingu yalikuwa yanajikusanya tena. Sisi walimu tulitamani kufika Mtae mapema tupate kuswali Adhuhuri msikitini mwanzo wa wakati. Nia ilikuwa njema. Lakini tulianza kumhimiza amiri aongeze mwendo, naye akaongeza kidogo kwa kutustahi.

Baada ya kupita msitu wa Magamba tulisikia mlio tusioujua katika injini yetu. Badala ya kusimamisha msafara mzima tulimpungia fundi mkono aje mbele atusikilizie huku tunakwenda. Fundi akaja mbele. Kijana akabaki wa mwisho, na hakuna aliyemwambia. Tukafika njia panda ya kwenda Mlalo, mvua ya rasharasha imeanza, tukapita bila kusimama. Tulidhani fundi yupo nyuma, ilhali fundi tulikuwa tunazungumza naye ubavuni mwetu.

Tuliposimama Lukozi kununua viazi na kabichi tulijihesabu. Tulikuwa wanne. Tulipiga simu ya kijana, ikaita bila kupokelewa. Mvua sasa ilikuwa kubwa. Tulirudi, na kila kona tuliyoikata tulikuwa tunatazama bondeni.

Tulimkuta kilomita kama saba nyuma, amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeteleza kwenye kona, pikipiki ikamwangukia upande wa kulia, upande wa ekzosi, na kwa uzito wa mizigo hakuweza kuiinua. Simu yake aliifunga kwenye nailoni chini ya mzigo isiloe. Aliisikia ikiita akiwa amelala chini ya pikipiki, na mguu wake unaungua juu ya kifundo. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa Kishambaa aliyekuwa akitoka shambani na wanawe wawili. Waliinua pikipiki kwa mpini wa jembe na mabega yao. Kijana alitueleza kuwa neno la kwanza la yule mama lilikuwa, "Mwanangu, wenzako wako wapi?" Hakuwa na la kumjibu.

Hatukusikia lawama kutoka kwa mama yule wala kwa kijana. Kijana alisema tu, "Ustadh, nilidhani mtasimama njia panda." Amiri hakusema kitu mpaka jeraha lilipokwisha kushughulikiwa.

Hapa tueleze kuhusu kuungua, kwa sababu ekzosi huwaunguza watu wengi, hasa abiria. Kwanza, mwagia jeraha maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20 kamili. Dakika mbili hazitoshi, kwani moto unaendelea kuingia ndani ya nyama hata baada ya chuma kuondoka. Pili, usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga wala majivu. Vitu hivi huzuia joto lisitoke na huingiza uchafu. Tatu, usipasue malengelenge. Nne, funika kwa kitambaa safi kisichoshika jeraha, kisha nenda kituo cha afya. Mama yule alikuwa amekwisha kummwagia maji mengi ya mtungini kabla hatujafika, naye hakupata kusoma jambo hili popote. Fundi alimpeleka kijana zahanati, akasafishwa jeraha na kufungwa bandeji.

Mumewe yule mama alirudi alasiri. Tulimsalimu kwa kile Kishambaa kidogo tulichonacho, "Onga mshi," akacheka, akatuambia hatuendi mahali pengine siku ile. Tulipiga mahema yetu uwani kwake.

Usiku huo amiri alituita. Alisema maneno machache: kuanzia kesho kijana atakuwa wa pili, nyuma yake yeye, na mwendo wa msafara utakuwa mwendo wa kijana. Mzigo wake mzito tutagawana. Na mwenye kutaka kuwahi, awahi kulala. Sisi walimu ndio tuliopewa birika, sufuria na maji yake. Tuliona ni haki.

TANO: MAHALI PA KULALA

Kwanza ni idhini. Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Palipo na kijiji tulikwenda kwa mwenyekiti tukajitambulisha na kuonyesha vitambulisho. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kulala humo kunahitaji kibali na ada, kwa hiyo hatukulala humo.

Pili, usilale njiani. Mtume (S.A.W.) ametukataza kupumzika usiku katikati ya njia, kwani ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Anayelala porini huiona hekima hiyo kwa macho yake: asubuhi tulikuta nyayo za mbuzi, mbwa na mnyama mwingine tusiyemjua kwenye kijia, hatua kumi tu kutoka hemani.

Tatu, usilale kwenye korongo hata kama ni kavu, wala chini ya kingo ya udongo, wala chini ya mkaratusi, ambao matawi yake huanguka bila upepo mkubwa. Chagua mahali palipoinuka kidogo, maji yapite pembeni.

Nne, zima moto kabla ya kulala, na ufunike vyombo. Haya nayo ni mafunzo ya Mtume (S.A.W.), na hema la nailoni likishika moto huyeyuka juu ya aliyelala. Jiko la gesi halitumiwi ndani ya hema hata kwa baridi kali, kwani hewa yake huua mtu usingizini.

Tano, haja. Usiende njiani, kivulini wanapopumzika watu, kwenye maji, wala kwenye shimo ambalo huenda ni nyumba ya mdudu au nyoka. Chimba mbali na mto, fukia. Takataka zetu zote tulirudi nazo Lushoto ndani ya mfuko.

SITA: SWALA SAFARINI

Sasa tulijibu swali la darasani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, safari halali ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na ushei, humruhusu mtu kufupisha Swala za rakaa nne kuwa mbili, tangu anapotoka mipaka ya mji wake. Kutoka Tanga hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 160. Alfajiri na Magharibi hazifupishwi. Anaruhusiwa pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwa kutanguliza au kuchelewesha. Akiswali nyuma ya imamu mkazi hutimiza rakaa nne, kama tulivyofanya katika msikiti wa Lushoto.

Qibla kilitupa somo zuri. Kwetu Tanga na Usambara, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Mwezi wa Desemba jua la mchana liko kusini yetu, kwa hiyo kivuli cha fimbo iliyosimama wima wakati jua linapofika katikati ya mbingu, kwenye saa 6:27 huko mlimani, huelekea Qibla. Mwezi wa Juni ni kinyume chake: jua liko kaskazini na kivuli huelekea kusini. Mwanafunzi anaweza kulijaribu jambo hili uwanjani kwetu.

Tulivaa mabuti ya mpira. Aliyeyavaa akiwa na udhu kamili, nayo yamefunika vifundo, yana nguvu ya kutembelea na hayapitishi maji, anaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, na muda wa msafiri ni siku tatu na nyusiku zake. Kijana wetu alikuwa na jambo lake: jeraha lilishuka hadi kwenye kifundo, mahali pa udhu, na maji yangemdhuru. Aliosha palipo pazima, akapaka maji juu ya bandeji, na akatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Masharti yake kwa urefu mtayasoma darasani.

Sasa tazama ilivyotokea. Siku ile ya pili tuliswali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, uwani kwa yule mama, kwenye saa 9 alasiri. Swala zilikuwa sahihi na katika wakati wake. Basi ni nini kilichotukimbiza asubuhi? Sisi ndio tunaofundisha ruhusa hizi kila mwaka, na tuliendesha kama watu ambao hawakupewa. Ruhusa za safari zimewekwa ili msafiri asitaabike, na ili asimtaabishe mwenziwe. Mlango ule wa fiqhi una kazi hiyo, leo kama zamani.

SABA: KURUDI NYUMA

Alhamisi tulikwenda hadi Mtae kwa mwendo wa kijana. Tulifika tumechelewa na tumechoka, lakini tulifika watano. Pale milima hukatika ghafla, na chini yake tambarare ya Mkomazi imetandazwa kama mkeka. Tulikaa kimya muda mrefu.

Mpango wetu ulikuwa Ijumaa tushuke kupitia Mlalo hadi Mng'aro bondeni, kisha tuzunguke bonde la mto Umba kurudi Tanga. Tuliswali Ijumaa Mlalo, tukaanza kushuka. Mbele kidogo tulikuta sehemu ya kingo imeporomoka, na tope na mawe yamefunika zaidi ya nusu ya njia. Upande wa pili ni bonde. Bodaboda wawili walipita mbele ya macho yetu, wamebana ukingoni, miguu chini. Fundi alisema inapitika. Mwalimu mwenzetu naye alisema inapitika. Mwezi ule ule, tarehe 3, maporomoko ya tope huko Katesh, wilaya ya Hanang, yalikuwa yameua watu zaidi ya 80, na picha zake kila mmoja wetu alikuwa nazo kichwani.

Amiri alishuka, akaitembea sehemu ile kwa miguu kwenda na kurudi. Akatazama juu kwenye kingo. Akatazama saa: saa 9 imepita, na jua linazama saa 12:40. Kisha akamwuliza kijana, "Wewe unaonaje?" Kijana akasema, "Mimi naogopa." Amiri akasema, "Tunarudi."

Mpaka leo fundi husema tungepita. Huenda ni kweli. Hatukusikia kuwa kingo ile iliporomoka tena baada ya sisi kuondoka, na hatudai kuwa tuliokolewa na balaa fulani. Tunachosema ni kuwa uamuzi ulikuwa sahihi kwa yale tuliyoyajua saa ile. Kijana mwenye mguu uliofungwa bandeji kupata ujasiri wa kusema "naogopa" mbele ya walimu wake, na msafara mzima ukageuka kwa neno lake, ni jambo ambalo siku mbili nyuma lisingewezekana. Tulilala Lushoto, na Jumamosi tukashuka Mombo kwa gia ya pili.

HITIMISHO

Tulipofika Tanga hatukwenda majumbani kwetu kwanza. Tulimpeleka kijana kwa mama yake, watano wote, na tukamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na njia panda tuliyoipita. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akautazama mguu, akasema, "Alhamdulillah, amerudi," akaingia ndani kututengenezea chai. Angetulaumu ingekuwa nyepesi zaidi kwetu.

Jeraha lilipona baada ya wiki kadhaa. Kovu lipo.

Wanafunzi wetu wapenzi, imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge aendelee na kumpakia asiye na kipando. Aliyekuwa mbora wa watu alikaa mwisho. Hadithi hiyo tuliijua kabla ya safari, na tulikuwa tumeifundisha. Basi ukiwa na wenzako njiani, iwe kwa pikipiki, kwa baiskeli au kwa miguu kutoka madrasa, mtazame aliye nyuma yako. Kwenye njia panda, simama umngoje.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe makosa yetu, awahifadhi vijana wetu barabarani, na amlipe kheri yule mama wa Usambara na wanawe. Amin.

Wabillahi tawfiq.